UZI: Kujifunza patholojia ya kondo la nyuma kwa slaidi za kidijitali – zipi zinafaa, na namna ya kujitengenezea

#1 MkataTishu

Wakuu, maombi ya "naomba picha nzuri za kondo la nyuma" yamekuwa mengi, bora tuwe na uzi mmoja. Naweka msimamo mapema ili anayetaka kubisha abishe: picha nzuri zimejaa mtandaoni, na ndizo zinazowaharibu wanafunzi. Picha iliyokatwa ikabaki infakti tupu (tishu iliyokufa kwa kukosa damu) inamfundisha mtu jina la infakti. Haimfundishi kuitafuta kwenye slaidi iliyojaa vili za kawaida (vijidole vya tishu ya kondo vinavyooshwa na damu ya mama), damu iliyomwagika wakati wa kukata, na fibrini (protini ya damu iliyoganda) ambayo kila kondo lililokomaa linayo. Anzeni na slaidi nzima zilizoskaniwa. Na katika hizo, anzeni na za kawaida.

Tabu ya kondo ni kwamba ukawaida wake unahama kila wiki. Vili za wiki ya 9 ni kubwa, zina tabaka mbili za trofoblasti (seli zinazofunika vili), stroma (tishu ya ndani) legelege, na ndani ya kapilari kuna chembe nyekundu zenye viini. Mimba ikifika wiki 40, vili za mwisho ni ndogo, kapilari zimesogea ukingoni mpaka zimegusana na trofoblasti iliyokonda, na takriban theluthi moja ya vili zina mafundo ya sinsitia (viini vya trofoblasti vilivyorundikana). Mafundo ya kiasi hicho yakionekana wiki ya 28 yana maana nyingine kabisa: vili zimeharakishwa kukomaa, na hapo unaanza kufikiria kwamba damu ya mama haikufika inavyotakiwa. Tishu inafanana, ila namba moja kwenye fomu inageuza jibu. Mkusanyiko usioandika umri wa mimba haufai kufundishia upevu wa vili, hata uwe na slaidi elfu.

Kwa anayejenga mkusanyiko mdogo, napendekeza kawaida za wiki 8–10, 16, 22, 28, 34 na 40, kila umri slaidi mbili kutoka makondo mawili tofauti. Baada ya hapo ndipo zije infakti changa na kongwe, inflamesheni ya tando kwa hatua zote, vilitaisi (inflamesheni ya vili) isiyojulikana chanzo, vili zisizo na mishipa, fibrini iliyozagaa kuzunguka vili, malaria ya kondo, mola kamili na mola nusu (mimba zabibu).

Vya bure ninavyovielekeza: PathologyOutlines kwa maelezo na picha za kila utambuzi, PathPresenter na maktaba ya slaidi ya Chuo Kikuu cha Leeds kwa slaidi nzima, Chuo Kikuu cha Michigan kwa histolojia ya kawaida. Human Protein Atlas ina kondo la kawaida lililopakwa kingamwili nyingi mno, lakini zile ni duara za tishu za milimita moja. Zinafaa kujua protini ipi inakaa kwenye seli ipi. Kusoma kondo huwezi kujifunzia pale.

#2 SlaidiNzima

Mkuu MkataTishu nakuunga mkono. Ngoja niweke upande wa kuskani, maana watu wengi wanakwama kwenye ukubwa wa faili.

Kwa kufundishia kondo, lenzi ya 20 inatosha sehemu kubwa. Hiyo ni kama maikromita 0.5 kwa pikseli. Lenzi ya 40 ni maikromita 0.25, yaani pikseli mara nne kwa eneo lilelile. Fanya hesabu: kipande cha milimita 15 kwa 20 kwenye 0.5 kinatoa pikseli 30,000 kwa 40,000, sawa na bilioni 1.2. Bila kubanwa ni gigabaiti 3.6. Ikibanwa kwa JPEG inashuka mpaka megabaiti mia kadhaa. Kwenye 0.25 hesabu ileile inaanzia gigabaiti 14.4. Lenzi ya 40 iwekee malaria, virusi vinavyobadilisha sura ya kiini, na pale unapotaka mwanafunzi atofautishe nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) na vipande vya viini vilivyosambaratika. Infakti kwa lenzi ya 40 ni kujaza diski bure.

Mambo yanayoharibika kwenye skana, hasa kwa kondo:

Kamba ya kitovu. Jeli ya Wharton ni nyeupe mno, na skana inayotafuta tishu yenyewe huiruka. Unapata slaidi yenye mishipa mitatu inayoelea na nusu ya kamba haipo. Chora eneo la kuskani kwa mkono.

Msokoto wa tando. Una mapengo kati ya mizunguko, na tishu hujikunja. Ukiacha skana ichague nukta za fokasi yenyewe, baadhi zinaangukia kwenye pengo, na ukanda mzima unatoka na ukungu. Ongeza nukta, ziweke juu ya tishu yenyewe.

Unene. Maikromita 3 hadi 4. Ikifika 6, kila villi inaonekana ina seli nyingi na mwanafunzi anaandika vilitaisi isiyokuwepo.

Kuweka mtandaoni: libvips (programu ya picha kubwa) inageuza faili kuwa vigae (vipande vidogo vya picha) ambavyo OpenSeadragon (kitazamio) inavisoma kwenye kivinjari cha kawaida:

vips dzsave slaidi.svs kondo28 --suffix .jpg[Q=80]

Ile slaidi ya pikseli 30,000 kwa 40,000 itatoa vigae kama elfu 25 ukijumlisha ngazi zote za ukuzaji. Ni vijifaili vidogo vidogo, na kuvipandisha kimoja kimoja kwenye seva ni adhabu. Ongeza --container zip, pandisha zip moja, ifungulie hukohuko.

#3 Residenti_wa_Pili

Wakuu asanteni kwa uzi. Maswali mawili. Kwanza, kuna haja gani ya picha za kondo zima kabla ya kukatwa, kama slaidi tunazo? Pili, naona kila mahali wanataja Amsterdam. Ni lazima mazoezi yafuate hiyo?

#4 MkataTishu

Naanza na la pili. Ndiyo, fuata Amsterdam. Ni makubaliano ya wataalamu waliokutana mwaka 2014, yakachapishwa 2016, na faida yake kwa mwalimu ni kwamba kila mtu anatumia majina na hatua zilezile. Kabla ya hapo kitu kimoja kilikuwa na majina manne.

Kima cha chini cha bloku (vipande vya tishu ndani ya nta) pale ni nne. Moja ina msokoto wa tando kuanzia ukingo uliopasuka hadi kwenye kondo, pamoja na vipande viwili vya kamba, kimoja upande wa mtoto na kingine kama sentimita 5 kutoka kamba inapoingia. Tatu zilizobaki ni parenkima (tishu yenyewe ya kondo) ya unene wote, toka upande wa mtoto hadi upande wa mama, kutoka theluthi mbili za katikati ya kondo, na mojawapo iwe jirani na kamba inapoingia. Vidonda unavyoviona kwa macho huongezwa juu ya hizo nne. Mkusanyiko wa kidijitali ufuate mpangilio huo: kesi moja iwe na slaidi zake zote nne, zenye majina yanayoeleweka. Kesi yenye slaidi moja tu inamnyima mwanafunzi uamuzi muhimu. Vilitaisi ya daraja la chini, kwa mfano, inaitwa ya sehemu moja ikiwa slaidi moja tu ndiyo yenye vili zilizoathirika, na ya sehemu nyingi zikiwa zaidi ya moja. Kwa slaidi moja huwezi kulijibu swali hilo.

Kuhusu picha za kondo zima, namwachia MezaYaKukatia.

#5 MezaYaKukatia

Nipo. Residenti, mambo mengi kwenye kondo yanaamuliwa kwa macho na mizani kabla ya hadubini. Kamba imeingia wapi, ina urefu gani, imejisokota mara ngapi, kondo lina uzito gani kwa umri ule. Hakuna slaidi itakayokuonyesha kamba iliyoingia kwenye tando badala ya kuingia kwenye kondo, mishipa ikabaki inatambaa bila kinga mpaka ukingoni. Hiyo ni picha, na inataka picha moja iliyopigwa sawasawa.

Namna ya kupiga:

Osha damu kwa maji kidogo, kausha kwa kugusisha karatasi. Ukisugua unabandua amnioni, yaani tando ya ndani. Piga kabla ya fomalini, kwa sababu fomalini inageuza kila kitu kuwa kahawia na huwezi tena kutofautisha infakti changa yenye wekundu na kongwe yenye unjano. Mandhari iwe ya buluu au nyeusi isiyong'aa. Rula ya sentimita ilale usawa wa uso wa kondo. Ukiiweka mezani, chini kwa sentimita mbili, vipimo vyote vitakavyotolewa kwenye picha vitakuwa na kosa. Kamera itazame chini wima. Taa mbili za pembeni, kila moja kama nyuzi 45, kisha zisogeze mpaka mng'ao uondoke katikati.

Kila kesi ipate picha tatu: upande wa mtoto ukiwa na kamba na tando, upande wa mama, na vipande vilivyokatwa kila sentimita moja vikapangwa kwa mfuatano. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye elimu kubwa. Chukua bonge la damu nyuma ya kondo. Ukilitazama kwa juu halitofautiani na damu iliyoganda baada ya kuzaa. Kwenye kipande kilichokatwa, bonge la kweli limeshikamana na limebonyeza parenkima ikaacha shimo. Lile la baada ya kuzaa linaanguka ukiinamisha kipande.

Namba ziandikwe chini ya picha, zisiachwe kwa makadirio. Uzito uwe umepimwa baada ya kuondoa kamba, tando na mabonge yaliyolegea, na useme kama kondo lilikuwa bichi au limelala kwenye fomalini, maana fomalini huongeza uzito kwa asilimia kadhaa. Misokoto: hesabu mizunguko kamili, gawanya kwa urefu wa kamba kwa sentimita. Kama 0.2 ni wastani, zaidi ya 0.3 imejisokota mno, chini ya 0.1 imejisokota kidogo mno. Zoezi zuri ni kuwapa picha ya kamba yote ikiwa na rula na kuwaacha wahesabu wenyewe.

#6 KadiZaMarudio

Mimi nabisha kidogo. Picha zilizokatwa zinafanya kazi vizuri sana kwenye Anki (programu ya kadi za kukariri). Mtu ana dakika kumi kwenye foleni, hawezi kufungua slaidi ya megabaiti mia tatu. Tusizitupe.

#7 MkataTishu

Sijasema zitupwe, mkuu. Zitumike kwa kile zinachokiweza, yaani majina, vigezo na hatua. Kadi inayouliza "nyutrofili zimefika kwenye tishu unganishi ya korioni (tando ya nje) na kwenye amnioni, hatua ya ngapi upande wa mama?" ni kadi nzuri. Jibu ni hatua ya 2. Ya 1 zimeishia kwenye fibrini iliyo chini ya bamba la korioni, au kwenye korioni yenyewe ya tando. Ya 3 amnioni imeoza. Upande wa mtoto, hatua ya 1 ni mishipa ya bamba la korioni au vena ya kitovu, ya 2 ateri ya kitovu imeguswa, ya 3 kuna oza kuzunguka mishipa ya kamba. Hayo yanakaririka, na Anki inayakaririsha vizuri.

Ninachokataa ni kadi yenye picha ya vili tano na swali "utambuzi ni nini?". Mwanafunzi anakariri rangi ya picha. Ukimpa slaidi ya kesi ileile iliyopakwa kwenye maabara nyingine, yenye eosini (rangi ya waridi) nzito zaidi, anapotea.

Kama lazima utumie picha tuli, kata tatu kwa kila kidonda: moja ya slaidi yote ikiwa ndogo kabisa, moja ya ukuzaji wa kati, moja ya juu. Na uweke kadi za kawaida zisizo na kidonda chochote, angalau moja kwa kila mbili zenye ugonjwa. Bila hivyo mtu anazoea kwamba kila picha ina kitu.

#8 VipandeVitatu

Niongezee hapo kwenye kutofautisha, maana kuna zoezi moja ambalo linafanya kazi kuliko mengine yote: vidonda vitatu vyeupe. Infakti, bonge la damu kati ya vili, na fibrini kuzunguka vili. Kwa macho vyote ni madoa meupe kwenye kipande, na residenti (madaktari wanaosomea ubingwa) wengi huviandika vyote infakti.

Weka picha tatu za vipande kwanza, uulize kabla ya kufungua slaidi. Infakti ni ngumu, ina chembechembe ukiipitishia kidole au ukiitazama karibu, na mara nyingi imekaa juu ya sakafu ya upande wa mama. Bonge la kati ya vili linang'aa na lina matabaka, mekundu na meupe yakipishana. Fibrini ni laini, ya kijivu, na inasambaa kama wavu badala ya kuwa na mpaka.

Kisha fungua slaidi kwenye ukuzaji wa chini kabisa na uulize swali moja tu: vili ziko wapi? Kwenye infakti vili zimebanana, nafasi kati yake imefunga, na zikikaa siku zinabaki vivuli visivyo na viini. Kwenye bonge, vili hazipo, zimesukumwa pembeni. Kwenye fibrini, vili zipo lakini kila moja imetengwa na mwenzake, imezungushiwa waridi. Vili zimebanana, zimesukumwa, au zimetengwa. Ndani ya kisanduku cha waridi utaona pia trofoblasti za nje ya vili zimeongezeka, zina viini vyeusi, na anayeanza anaziogopa akidhani ni uvimbe mbaya. Mwambie mapema.

Nasisitiza ukuzaji wa chini kwa sababu vitazamio vingi hufungua slaidi kisha mwanafunzi anakimbilia ngazi ya juu. OpenSeadragon ina mpangilio wa maxZoomLevel. Toa nakala ya zoezi iliyofungwa kwenye ukuzaji mdogo, na ya pili iliyo huru. Wajibu kwanza kwenye iliyofungwa.

#9 Residenti_wa_Pili

Hilo la VipandeVitatu limenifungua macho. Sasa malaria. Kila nikiona chembe za kahawia kwenye slaidi ya kidijitali nashindwa kujua ni rangi ya malaria au ni uchafu wa fomalini. Kwenye hadubini mwalimu anazungusha fokasi anasema "unaona, ipo juu ya tishu". Kwenye kompyuta sina cha kuzungusha.

#10 SlaidiNzima

Umegusa udhaifu mkubwa wa slaidi za kidijitali. Skana nyingi hupiga safu moja ya fokasi. Rangi ya fomalini imelala juu ya tishu, nje ya safu ya seli. Rangi ya malaria imo ndani ya makrofaji (seli zinazomeza takataka), ndani ya fibrini, au ndani ya chembe nyekundu zenye vimelea. Safu moja inavibana vyote kwenye picha moja.

Njia ni kuskani safu kadhaa. Safu 5 zenye pengo la maikromita 1 zinatosha kwa kipande cha maikromita 4. Lakini faili linakuwa mara tano, kwa hiyo usifanye slaidi yote. Chagua eneo la milimita 2 kwa 2. Ukikosa skana yenye uwezo huo, piga video ya sekunde 15 kwenye hadubini yenye kamera, ukizungusha fokasi polepole, kisha iwekee kiungo kwenye alama ndani ya slaidi. Inatosha kabisa.

#11 MkataTishu

Na wasidanganyane na mwanga uliopolarishwa, zote mbili zinang'aa. Asidi ya pikriki kwenye alkoholi nayo inaweza kuondoa zote, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakiamui. Mahali chembe zilipo ndipo jibu. Chembe zilizotawanyika ovyo popote penye damu, hata ndani ya mishipa ya mtoto, hizo ni za fomalini iliyochachuka. Chembe zilizokusanyika ndani ya makrofaji kwenye nafasi kati ya vili, au zilizonaswa ndani ya fibrini, hizo ni za malaria. Dawa ya kweli ni fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo mara kumi ya tishu, na vipande vikatwe kabla ya kuzamishwa. Kondo zima likitupwa ndooni, katikati yake inaoza kabla fomalini haijafika.

Kwa kufundishia malaria, panga kesi nne kwa mfuatano: isiyo na kitu, yenye vimelea bila rangi kwenye fibrini, yenye vimelea pamoja na rangi kwenye fibrini, na yenye rangi tu bila vimelea. Hizo ni hakuna, kali, sugu inayoendelea, na ya zamani. Residenti akiziona zote nne upande kwa upande hasahau.

#12 FailiSafi

Wakuu, mmeenda mbali bila kugusa siri za wagonjwa. Slaidi ya SVS (aina ya faili la skana) haibebi tishu tu. Ndani yake mna picha ya lebo na picha ya kioo chote, na kwenye lebo kuna namba ya maabara, pengine jina. Ukiifungua kwenye kitazamio cha kawaida huioni, lakini anayejua OpenSlide (programu ya kusoma slaidi) anaitoa kwa mstari mmoja wa msimbo. Jina la faili nalo mara nyingi ndilo namba ya kesi.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa, libadilishe jina faili liwe msimbo wa kozi, na orodha ya kulinganisha ikae kwenye kompyuta isiyo ya kozi. Ukigeuza kuwa vigae kwa dzsave, picha ya lebo haiingii, hiyo ni faida. Lakini usiongeze chaguo la --properties, linaandika metadata ya slaidi kwenye faili la pembeni. Ukigawa SVS yenyewe, ondoa lebo kwanza kisha ifungue kwa QuPath (programu ya bure ya kutazama slaidi) uhakikishe kwenye orodha ya picha ambatani kwamba imeondoka kweli.

Picha za kamera zina tarehe na pengine mahali. exiftool -all= picha.jpg inafuta vyote. Halafu tazama picha yenyewe kwa macho, maana karatasi ya namba iliyowekwa kando ya rula haifutwi na programu yoyote.

Maelezo ya kliniki yapunguzwe pia. "Wiki 31, shinikizo la damu, mtoto mdogo kwa umri" yanatosha. Tarehe ya kuzaa ya nini?

#13 MtungaMaswali

Nami niongelee namna ya kupima kama mazoezi yanafundisha. Kosa la kawaida: seti ya kesi 20, kesi 18 zina ugonjwa. Anayeandika "ina ugonjwa" kila mahali anapata asilimia 90 bila kutazama. Ukigeuza, 18 za kawaida, anayeandika "kawaida" kila mahali naye anapata 90. Tumia kappa ya Cohen kati ya mwanafunzi na jibu la msingi, kwa sababu inaondoa kiasi cha makubaliano kinachotokana na bahati. Wale wawili wote watapata sifuri. Na seti iwe na kesi za kawaida kama theluthi.

Jibu la msingi lenyewe litolewe na wasomaji wawili waliosoma bila kuonana majibu, wa tatu aamue wakitofautiana. Kesi ambayo hata hao watatu wameshindwana, usiitupe. Iweke kwenye kundi la majadiliano, isiwe na alama. Kwa kondo utazipata nyingi kwenye upevu wa vili, kwa sababu hapo hata waliobobea hutofautiana sana, tofauti na inflamesheni kali ya tando ambapo wengi hukubaliana.

Jambo la pili: tenga hatua mbili za maelezo. Mwanafunzi asome slaidi kwanza bila historia ya mgonjwa zaidi ya umri wa mimba, aandike. Kisha afunguliwe historia, aandike tena. Tofauti ya majibu mawili inakuonyesha nani anasoma tishu na nani anasoma fomu. Moodle (jukwaa la kozi mtandaoni) inaweza kufanya hivi kwa maswali mawili mfululizo ambapo la pili linafunguka baada ya la kwanza kujibiwa. Kwa kuonyesha mahali, H5P (zana ya kutunga maswali) ina aina ya swali la kubofya eneo kwenye picha. Eneo sahihi liwe pana kiasi, vinginevyo unapima ustadi wa kushika kipanya.

#14 Residenti_wa_Pili

Na mola? Kila mtu anasema p57, ile protini inayopakwa kwa kingamwili, lakini sioni inavyofundishwa.

#15 VipandeVitatu

Weka H&E (rangi ya kawaida ya maabara) na p57 upande kwa upande, zikisogea pamoja. QuPath inafungua vitazamio viwili na kuvifungamanisha. Sharti ni vipande viwili vilivyofuatana, vikapandishwa kioo kwa mwelekeo mmoja. Kimoja kikigeuka, kufungamanisha hakusaidii kitu.

Mpangilio wa kutazama: anza na desidua (utando wa mji wa mimba) na trofoblasti za nje ya vili. Zisipopaka, kipimo kimeshindwa, usisome zaidi. Zikipaka, nenda kwenye sitotrofoblasti (tabaka la ndani la trofoblasti) na seli za stroma ya vili. Hazijapaka kabisa, ni mola kamili, kwa sababu jeni ya p57 hufanya kazi kutoka upande wa mama tu, na mola kamili haina kromosomu za mama. Zimepaka, umeondoa mola kamili, lakini hujatofautisha mola nusu na mimba iliyoharibika ya kawaida. Hiyo inataka kuhesabu seti za kromosomu. Sinsitiotrofoblasti (tabaka la nje) haipaki kawaida, msiisome.

#16 KadiZaMarudio

Vipi modeli za 3D? Nimeona watu wanapiga picha nyingi wanaunganisha kwa Meshroom.

#17 MezaYaKukatia

Zinafaa kwa vitu vichache: kamba iliyofungana fundo, kondo lenye pande la ziada, mapacha walioshiriki kondo. Picha zipishane asilimia 60 hadi 80, na kondo liwe limekaa kwenye fomalini. Kondo bichi linang'aa, na mng'ao unasogea kila unaposogeza kamera, programu inadhani ni nukta ya kweli na uso unatoka na mabonde. Tando zinazopitisha mwanga hazitoki kabisa, zinabaki matundu. Kwa mapacha mimi bado nachagua slaidi ya pale tando inayowatenga inapokutana na kondo: ukiona korioni katikati ya amnioni mbili, makorioni ni mawili, zikiwa amnioni mbili tu zimegusana, korioni ni moja. Sekunde kumi, modeli haihitajiki.

#18 Residenti_wa_Pili

Swali la mwisho kwa leo. Intaneti yetu ni ya kusuasua. Tunagawanaje slaidi hizi kwa diski?

#19 SlaidiNzima

Diski iwe na mfumo wa faili wa exFAT. FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na slaidi za lenzi ya 40 zinaweza kupita hapo. Usinakili folda za vigae kwenye diski ndogo, maelfu ya vijifaili yatakula masaa. Nakili SVS au NDPI (aina nyingine ya faili la skana) iliyokwisha kusafishwa lebo, na QuPath yenyewe pembeni, inafanya kazi bila intaneti. Ukiwa na slaidi za aina ya MRXS, kuna faili dogo na folda yenye jina lilelile. Nakili vyote viwili na usibadilishe jina la kimoja pekee, la sivyo slaidi haifunguki na utadhani diski imekufa.

Maelezo yako ya mishale yatoe QuPath kama GeoJSON, yana kilobaiti chache. Mkisahihisha jibu, unatuma hilo faili dogo kwa barua pepe na kila mtu analipakia juu ya slaidi aliyonayo tayari.